Kipande Nambari Kumi na Nne

Mkuu wa kituo aliisukuma faili kwa kidole kimoja mpaka ikafika ukingoni mwa meza, upande wa Kivuva.

"Imekwisha hiyo," alisema. "Tia sahihi uende nyumbani."

Inspekta Kivuva hakutia sahihi. Aliifungua akasoma akiwa amesimama. Maungamo yalikuwa mistari miwili na alama ya dole gumba. Mimi Mutisya, mchongaji wa vinyago, siku ya Jumanne nilifunga mlango wa chumba cha moto katika kiwanda cha zamani cha blanketi, na saa nne nikawasha tanuri. Ngigi alikuwa ndani.

"Hajasema alijua Ngigi yumo."

"Hajasema hakujua."

"Nani aliyeandika?"

"Polisi. Kwani ulitaka aandike padri?"

Kesho yake, Ijumaa, saa tatu asubuhi, Mutisya angepelekwa mahakama ya Makadara kusomewa shtaka la mauaji. Shtaka hilo halina dhamana, na mwisho wake ni kitanzi. Sababu ya kuua ilikuwepo pia. Wiki mbili nyuma Ngigi alimkatalia Mutisya kukata jakaranda mmoja kando ya mto, na watu ishirini walimsikia Mutisya akisema, "Huo mti wako ndio utakaokuzika."

Kivuva alisema kuna mambo mawili matatu anataka kuyaangalia kule kiwandani.

"Kivuva," mkuu alisema, "Mutisya ni mtu wa kwenu. Ukiichelewesha hii faili watu watasema Mkamba anamficha Mkamba. Watu wa marehemu wako hapo nje tangu asubuhi. Unawasikia?"

"Nawasikia."

"Saa kumi na mbili jioni dereva anachukua faili. Ukija na neno, liwe na sahihi ya mtu chini yake. Sitaki maoni yako."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Kabla ya kutoka alipita seli. Mutisya alikuwa mtu wa miaka hamsini, mabega mapana, vidole vimejaa makovu ya tezo. Alikaa sakafuni akiangalia ukuta. Kivuva alimwamkia kwa Kikamba. Mzee aliitikia, lakini alipoulizwa juu ya Jumanne alisema neno moja tu, na alilisema mara mbili.

"Ndoano ilikuwa tupu."

Kivuva aliuliza ndoano gani. Mutisya alisema aliwaeleza wale waliomhoji, wakacheka, hawakuandika. Akageuka tena ukutani.

Vielelezo vilitunzwa na Konstebo Aoko. Aliviweka mezani kimoja kimoja akisoma orodha: viatu, spana, miwani iliyofungwa uzi, ovaroli moja ya kaki. Katika mfuko wa kifuani wa ovaroli alitoa kibao cha mbao kama kipande cha sabuni, cheusi, kinang'aa, kimechongwa nambari 14.

"Afande, hii ovaroli ni safi kuliko suruali yako," Aoko alisema.

"Hiki kibao kilikuwa mfukoni?"

"Mfukoni. Mimi mwenyewe nilikitoa pale pale kiwandani. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa mpaka shingoni."

Kivuva alikishika kwenye mwanga wa dirisha. Alipokisugua kilimwachia weusi kwenye dole gumba. Aliunusa. Ilikuwa rangi ya viatu. Aliugeuza mfuko wa ovaroli nje ndani akauangalia pande zote. Kitambaa kilikuwa cheupe kwa kufuliwa, hakikuwa hata na alama ya kalamu.

Alitia sahihi ya kuchukua ovaroli na kibao, akaondoka.

Kiwanda kilikuwa kando ya mto, mwendo mfupi kutoka Gikomba, soko la mitumba. Watu wa huko walisema Gikomba ndiyo iliyokiua: nani atanunua blanketi mpya wakati ya mitumba ni nusu ya bei na ni nzito zaidi? Kilifungwa mwaka wa tisini na mbili. Kivuva alikumbuka mto wa zamani, ulivyokuwa ukipita na rangi ya blanketi ya siku hiyo, nyekundu leo, kijani kesho. Sasa, miaka minne baadaye, maji yalikuwa na rangi ya matope. Ukingoni kulikuwa na mianzi na mikuyu michanga, na miche mingine mia kadhaa imepangwa ndani ya pakiti za maziwa. Vyura walilia mchana kweupe. Hiyo yote ilikuwa kazi ya Ngigi, fundi wa zamani wa boila.

Mama wa chai aliyekaa langoni ndiye aliyemweleza Kivuva mambo yalivyopangwa. Ngigi na wafanyakazi wenzake wa zamani walijiunga na wachongaji wakaunda chama. Mtambo mmoja wa kufuma ungebaki ukifanya kazi, watoto wa shule waje kuuona. Ukumbi ungekuwa wa vinyago, ukingo wa mto ungekuwa bustani ya miche ya kuuza. Lakini kulikuwa na tajiri mwingine aliyetaka kuuza mitambo yote kama vyuma chakavu na kujenga maghala ya marobota ya mitumba. Mfilisi, mtu wa benki aliyepewa kazi ya kukiuza kiwanda, aliwaita wote Jumanne saa nne, kila upande useme neno lake. Upande wa chama, msemaji alikuwa Ngigi. Hakutokea. Mfilisi alingoja nusu saa, akaufunga mkutano.

"Na tajiri alikuja mwenyewe?"

"Tajiri haji. Anamtuma Sydney. Yule pale, mwenye suti ya harusi."

Sydney alikuwa uani akihesabu mitambo kupitia dirisha. Kivuva alimfuata. Kwa nusu saa nzima alimwona Sydney kuwa ndiye mtu wake. Alikuwa na faida, alifika Jumanne mapema kuliko wote, na Jumatano mlango ulipofunguliwa alikuwepo. Sydney hakukataa chochote. Alisema Jumanne tangu saa moja na nusu alikuwa ofisini na mfilisi wakinywa chai, mfilisi aulizwe. Jumatano alisimama mbali.

"Sikuingia. Mimi maiti siwezi, boss. Nilitapika kwenye maua."

"Kwenye miche," mama wa chai alisema akiwa langoni. "Miwili imekufa."

Kivuva aliomba simu ya ofisi akampigia mfilisi. Mfilisi alithibitisha chai na saa. Sydney akatoka kwenye hesabu. Ilikuwa saa nane kasoro.

Chumba cha moto kilikuwa nyuma ya ukumbi wa wachongaji. Zamani blanketi zilizooshwa zilikaushwa humo. Wachongaji walikigeuza kuwa chumba cha kukaushia vinyago, kwa sababu jakaranda mbichi ukikauka haraka juani hupasuka, na kinyago kilichopasuka ni kuni. Kuta zilikuwa na unene wa mkono, zimejazwa sufi iliyoshindiliwa. Mlango ulikuwa wa chuma, komeo lake nje. Kando ya komeo kulikuwa na ndoano moja.

Kivuva aliingia, akauvuta mlango, akapiga kelele. Alitoka akawauliza wachongaji watano waliokuwa wakigonga tezo hatua kumi kutoka hapo kama wamesikia kitu. Hakuna aliyesikia.

Mjane wa Ngigi, Jecinta, ndiye aliyemwonyesha maana ya ndoano. Alikuja kuchukua jembe la marehemu, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alizungumza taratibu, mikono imeshika mpini.

Alisema ni desturi ya kiwanda tangu wakati wa Wazungu. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande cha shaba chenye nambari. Ukiingia chumba cha moto, unaning'iniza kipande chako kwenye ndoano. Mwenye kufunga mlango haangalii ndani, haiti mtu. Anaangalia ndoano. Kwa nini haiti? Kwa sababu watu wa mitambo ni viziwi. Ngigi alikaa na mitambo miaka ishirini na sita, ukimwita lazima umguse. Kiwanda kilipofungwa vipande vya shaba viliuzwa na vyuma vingine, na Ngigi akamwomba Mutisya achonge vya mbao, ili desturi isife.

"Na hii rangi?"

"Mutisya alivipaka vyote upya Jumamosi, vipendeze siku ya mkutano. Wachongaji wanapaka rangi ya viatu, ati vifanane na mpingo."

"Mama, hii ovaroli ulifua lini?"

"Jumatatu. Anayo moja tu." Aliangalia jembe. "Alikuwa nayo moja."

Kivuva alimuuliza kama marehemu angeweza kuingia bila kuning'iniza kipande. Mama yule alimkata jicho.

"Inspekta, huyo mtu hata choo cha nyumbani alitaka tuweke ndoano."

Kivuva alichukua kipande cha Mutisya, nambari 3, kwenye ubao wa wachongaji. Alikifunga ndani ya kitambaa chake cheupe cha mfukoni, akakiweka ndani ya kopo kavu, akalifunika. Alienda kwa mama wa chai akamwomba sufuria ya maji ya moto. Yasichemke. Kipimajoto cha chumba kilikuwa na alama nyekundu kwenye digrii sabini. Wachongaji waliapa moto wao haukupita hapo kamwe.

"Leo unapika mbao, Inspekta? Mshahara umechelewa?"

"Weka kopo humo. Nusu saa."

Alikaa kwenye benchi akaangalia saa. Nusu saa ilipokwisha alifungua kopo. Kitambaa kilikuwa cheusi katikati, doa kubwa kama kiganja, na rangi ilikuwa imepenya mikunjo yote minne. Kibao chenyewe kilikuwa kimefifia, hakina mng'ao tena.

Aliweka kibao cha Ngigi kando yake. Hicho bado kiling'aa.

Ngigi alikaa katika joto hilo tangu asubuhi ya Jumanne mpaka moto ulipozimwa jioni. Kibao kingekuwa mfukoni mwake, mfuko ungekuwa mweusi. Basi hakikuwemo. Kilikuwa nje wakati wote, na kilitiwa mfukoni baadaye, chumba kikiwa kimepoa. Ngigi aliingia, akaning'iniza kipande chake kama kawaida. Mtu alikiondoa. Mutisya akaja, akaona ndoano tupu, akafunga.

Alirudi kwa Jecinta na swali moja. Jumatano mlango ulipofunguliwa, nani aliingia kwanza?

Mutisya ndiye aliyefungua, mama alisema, na alipoona miguu alianguka pale pale mlangoni, wenzake wakamshika. Hakuvuka kizingiti. Mzee Ndung'u wa langoni aliwaambia watu wote wabaki nje, hewa ni mbaya, akaingia peke yake. Alikaa dakika moja hivi. Alipotoka alisema Ngigi amekufa, naye amemfunga vifungo ili mkewe asimwone vibaya.

"Nilimshukuru," Jecinta alisema.

Ndung'u alikuwa karani wa saa wa kiwanda kwa miaka ishirini na tatu. Kiwanda kilikufa lakini kila asubuhi alikuja kukaa kwenye kibanda chake cha mbao langoni, mbele ya ubao wenye misumari mia tatu. Mzee mwembamba, tai, kofia juu ya goti. Nyuma ya kibanda ilianza laini, safu ya nyumba za wafanyakazi. Yake ilikuwa ya kwanza, na pazia la buluu.

Kivuva aliingia, akafunga mlango, akakaa juu ya kreti. Kibanda kiliwatosha wawili kwa shida, magoti yao yaligusana. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Hakuanza na Jumanne. Aliuliza juu ya kazi. Ndung'u alifurahi kuulizwa. Alieleza jinsi alivyopokea watu mia tatu kwa zamu bila kukosea hata mmoja. Kivuva aliuliza mtu akipoteza kipande ilikuwaje. Alikatwa siku mbili. Je, akiacha kazi? Anakirudisha kabla hajapewa barua. Akifa?

"Kinaenda naye mpaka nyumbani, halafu mimi nakifuata baada ya matanga. Kipande hakitupwi, Inspekta. Hata mara moja sijawahi kutupa kipande cha mtu. Ni kama kumtupa mwenyewe."

"Mto uko hapo nyuma."

"Ndiyo."

"Ungekitupa mtoni Jumanne, nisingekuwa hapa."

Ndung'u aliichukua kofia kutoka gotini akaivaa. Kivuva alitoa kitambaa chake chenye doa jeusi, akakikunjua juu ya magoti yao wote wawili. Kisha akaweka mfuko safi wa ovaroli kando yake. Hakueleza. Karani wa saa aliviangalia kwa muda, kimoja halafu kingine, kama mtu anayelinganisha sahihi.

"Rangi ya Mutisya," alisema mwishowe. "Mbaya sana hiyo. Inashika kila kitu."

"Onyesha mfuko wako wa koti."

Ndung'u hakuonyesha. Aliufunika kwa mkono. Kivuva alimngoja. Nje mama wa chai alikuwa akibishana na mteja juu ya sukari.

Ndung'u alisema walitaka kuigeuza laini kuwa maduka ya vinyago. Familia saba zihamie Kariobangi, chama kitawasaidia kutafuta vyumba. Ngigi alimwambia jambo hilo kama habari njema. Ndung'u alikuwa kwenye nyumba ile tangu mwaka wa sitini na tisa. Watoto walizaliwa humo. Sydney alimwahidi kwamba tajiri akipata kiwanda, yeye atakaa pale mpaka afe.

"Sydney alikwambia uondoe kipande?"

"Hapana. Sydney hajui kipande ni nini. Ni mimi." Aliivuta kofia chini. "Nilitaka tu akose mkutano. Moto huwashwa Jumatano. Siku zote Jumatano. Mutisya hupita asubuhi kufunga milango, vumbi lisiingie. Nilisema atafungiwa mle kwa muda wa saa tatu, nne hivi, halafu nitamfungulia nimwambie pole. Tungecheka."

"Jumanne Mutisya aliwasha."

"Walikuwa na oda. Sikuambiwa. Mimi karani wa saa, sikuambiwa."

"Ulijua lini?"

Ndung'u alinyoosha kidole dirishani. Kutoka pale, na kutoka ofisi ya mkutano iliyokuwa juu yake, bomba la moshi lilionekana lote.

"Saa nne na dakika kumi, nikiwa mkutanoni. Niliona moshi."

"Ulikuwa na muda."

"Nilikuwa na muda. Nilisema, nikisimama sasa wataniuliza nimejuaje. Halafu ikawa nne na nusu. Halafu ikawa saa tano. Kila dakika niliyokaa ilinifungia ile ya mbele." Aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika dakika hapa, Inspekta. Naijua kila moja."

Kivuva alitoa karatasi na kalamu, akaziweka juu ya daftari la zamani la mahudhurio.

Ndung'u alitikisa kichwa. Alisema hakuna aliyemwona. Kitambaa si shahidi. Na kule kituoni watu wa kwao Ngigi wanangoja Mkamba, watafanya nini wakiletewa Ndung'u, mtu wao, na inspekta Kivuva? "Watasema umeninunua. Watasema umenipiga."

"Kweli," Kivuva alisema. "Mimi siwezi kumtoa Mutisya. Nikisema mimi, ananyongwa. Kwa hiyo sitaandika hata neno moja. Utaandika wewe, kwa mwandiko wako ambao kila mjane wa laini hii anaujua. Ama usiandike, nikupeleke kwa Jecinta sasa hivi umrudishie shukrani yake."

Ndung'u aliigusa karatasi. Mara mbili aliangalia mlango, na mara mbili magoti ya Kivuva yalikuwa hapo. Kisha akavua kofia, akachukua kalamu. Aliandika kurasa mbili kwa hati ya karani, bila kufuta, saa na dakika zikiwa pembeni. Saa 1:45, Ngigi aingia na spana kukaza mabomba. Saa 2:00, naondoa kipande. Saa 2:15, Mutisya afunga. Saa 4:10, moshi. Alipofika saa tano aliacha mstari mmoja wazi, akaendelea.

Mkuu wa kituo alizisoma kurasa hizo saa kumi na moja na nusu. Alizisoma tena. Alimwita Jecinta kutoka nje, akamuuliza kama anaujua mwandiko. Jecinta aliangalia mstari wa kwanza tu, akasema ndiyo, kisha akaomba kukaa.

Mkuu alichana karatasi yenye dole gumba katikati, akasema Mutisya aachiliwe. Hakumwangalia Kivuva.

Kivuva alishuka mwenyewe hadi seli. Alichuchumaa mbele ya Mutisya akamweleza kwa Kikamba, moja baada ya lingine: ndoano, Ndung'u, mkutano, moshi. Alimwambia hana kosa mbele ya sheria, aende kwake. Mutisya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza Ngigi alikaa hai kwa muda gani mle ndani.

"Daktari hajui," Kivuva alisema. Daktari alikuwa ameandika: muda wa saa tatu tangu moto uwashwe.

Mutisya aliangalia viganja vyake.

"Nikiwasha tanuri, narudi kila nusu saa kuongeza kuni," alisema. "Mlango wa kuni uko hatua mbili kutoka ule mwingine. Kabla ya saa saba nilirudi mara sita."

Askari wa zamu aliushika mlango wa seli ukiwa wazi, akangoja. Mutisya hakuinuka.